Muulize Fundi Mizani: Ikweta haili gramu mbili za dhahabu yako

Katika toleo lililopita nilidokeza, kwa aya moja tu, kwamba dunia haivuti vitu kwa nguvu sawa kila mahali. Kitu kilekile huvutwa zaidi kidogo Dar es Salaam kuliko Nairobi, na London huvutwa zaidi kuliko Dar. Aya ile imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika humu kuhusu mizani za nyama, za kahawa na za kliniki ya watoto. Za dhahabu zilikuwa rundo zima na zote zinauliza jambo moja, kwa hiyo jibu la mama wa Katoro ni jibu la wote.

Swali: Shikamoo Fundi. Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo hapa Katoro, mkoani Geita, na kuiuza kwa mnunuzi mkubwa. Mpwa wangu ameniletea mizani ndogo ya kielektroniki kutoka London. Kule waliijaribu kwa jiwe la gramu 100 ikasoma 100.00. Hapa, kwa jiwe lilelile, inasoma 99.64. Mnunuzi wangu anasema ndiyo kawaida ya huku, eti karibu na ikweta dhahabu hupungua, na yeye hunikata gramu 2 katika kila 100 ili kufidia. Ni kweli? (Mama wa Katoro)

Jibu: Marahaba, mama. Mizani yako ni nzima na jiwe lako ni zima. Upungufu ule mdogo wa 0.36 una maelezo, na nitakupa. Gramu 2 za mnunuzi wako hazina maelezo yoyote ya kisayansi.

Nikifungua mizani ya namna hiyo hapa karakanani kwangu Mwanza, chini ya sahani nakuta kipande cha alumini kilichotobolewa katikati. Ubavuni mwake kumebandikwa vijiwaya vyembamba sana na kufunikwa kwa gundi. Ukiweka dhahabu juu ya sahani, alumini hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Vijiwaya vinavutika, umeme unapita kwa taabu zaidi, na kompyuta ndogo iliyomo ndani inaigeuza taabu hiyo kuwa namba. Kwa hiyo kinachopimwa hasa ni nguvu ambayo dunia inatumia kuivuta dhahabu yako kwenda chini. Hizo gramu unazozisoma ni hesabu iliyopigwa kutokana na nguvu hiyo, na hesabu iliwekwa sawa mahali mizani iliposahihishwa mara ya mwisho.

Yako iliwekwa sawa London. Kule mvutano ni 9.812, yaani kitu kikiachiwa kianguke, mwendo wake huongezeka kwa mita 9.812 kwa sekunde katika kila sekunde. Katoro mko karibu na ikweta, tena juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwenu mvutano ni kama 9.777. Chukua kikokotoo, gawanya 9.777 kwa 9.812, kisha zidisha kwa 100. Utapata 99.64, namba ileile uliyoniandikia.

Dhahabu yenyewe haijapungua hata chembe. Kiasi cha kitu kilichomo ndani yake, kile wanachokiita tungamo shuleni, hakibadiliki kwa kupanda ndege. Sonara wa zamani mwenye mizani ya vitanga viwili angepata gramu 100 London na gramu 100 Katoro, kwa sababu dhahabu iko kitanga hiki, jiwe liko kitanga kile, na vyote viwili vinavutwa na ardhi moja. Mvutano ukipungua unapungua pande zote mbili, na mshale unabaki katikati.

Sasa tuje kwenye gramu 2. Mahali penye mvutano mdogo kuliko pote juu ya uso wa dunia ni kilele cha mlima Huascarán nchini Peru, 9.764. Mkubwa kuliko wote uko juu ya Bahari ya Aktiki, karibu 9.834. Namba hizo zilitolewa mwaka 2013 na watafiti waliofanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, kwa kuunganisha vipimo vya setilaiti na ramani za milima na mabonde. Tofauti kati ya pande hizo mbili ni asilimia 0.7. Maana yake, hata mtu angeisahihisha mizani juu ya barafu ya Aktiki, akaipandisha mpaka Huascarán na kupimia dhahabu yako huko, gramu 100 zingesomeka 99.29. Hakuna mahali duniani ambapo mvutano unaweza kula gramu 2 katika 100. Hata gramu moja haufikishi.

Na huo ni upungufu wa mizani iliyosahihishwa kwingine. Kama mizani ya mnunuzi wako imehakikiwa hapohapo Geita kwa mawe halali, basi mvutano wa Geita umekwisha kuingizwa kwenye hesabu yake, na cha kufidia hakipo. Mvutano wa mahali pamoja haupandi leo na kushuka kesho. Ukishauingiza, umeumaliza. Mwambie hivyo kwa heshima, lakini usilegeze. Katika kila kilo anachukua gramu 20 za jasho la watu walioshuka shimoni kwa kamba, na anaisingizia ikweta. Nimesoma barua za namna hii kutoka sehemu kadhaa za kanda ya ziwa, na zinaniuma kuliko mizani mbovu yoyote niliyowahi kuletewa.

Kuhusu hiyo yako, iweke juu ya meza isiyotikisika. Zungusha miguu yake mpaka kile kipovu cha hewa kikae katikati ya duara. Iwashe, uiache nusu saa ipate joto lake, na uzime feni. Bonyeza kitufe cha CAL, subiri iombe gramu 100, kisha liweke jiwe kwa kibano. Usilishike kwa vidole, maana mafuta na jasho la mkono vina uzito wake, na kwenye mizani ya dhahabu vinaonekana. Ikitulia, imeshazoea Katoro. Halafu, kabla hujampimia mtu hata punje, ipeleke Wakala wa Vipimo ihakikiwe na kubandikwa stika. Kupimia biashara kwa mizani isiyohakikiwa ni kosa, na siku ya ubishi ile stika ndiyo itakayokusemea.

Swali: Hujambo Fundi? Nilihama Dar nikaja Oslo, na mizani yangu ya bafuni nikaja nayo. Wiki niliyofika ilinionyesha nimeongezeka kama gramu 300. Ni chakula cha ndege au ndio huo mvutano? (Dada wa Sinza, sasa Norway)

Jibu: Sijambo, dada. Dar ni 9.781 na Oslo ni 9.819, tofauti ya asilimia 0.39. Kama una kilo 75 hivi, mvutano peke yake unatosha kukuongezea gramu 290 kwenye mizani hiyo. Lakini usiutegemee usomaji mmoja, kwa sababu mizani nyingi za bafuni huruka gramu 100 au 200 kwa kusogeza mguu tu, na bilauri mbili za maji ni nusu kilo. Ukinunua mizani iliyosahihishwa hukohuko, itakurudishia kilo zako za Sinza.

Swali: Habari yako Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa Form Three, Nanyuki. Pale kwenye alama ya ikweta kuna watu huwaonyesha watalii maji yakizunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini, hatua ishirini hivi kutoka mstarini. Nilijipima pande zote mbili, uzito ukawa uleule. Je, mtu hubadilika uzito akivuka mstari? Na nani alijua kwanza kwamba mvutano haulingani? (Msichana wa Nanyuki)

Jibu: Nzuri sana, binti yangu. Umefanya jambo ambalo watu wazima wengi hupita bila kulifanya: umesikia dai, ukachukua mizani. Uliyoyaona ni sahihi. Pale mstarini hakuna ngazi. Mvutano hupungua polepole ukitoka kwenye ncha za dunia, na unapokaribia ikweta mabadiliko yenyewe yanazidi kuwa madogo, hadi katika hatua ishirini hakuna chombo kinachoweza kuyanasa, hata vile ghali vya watafiti. Kupanda ngazi za ghorofa moja hukupunguzia uzito zaidi ya kuvuka mstari ule, nako ni kama sehemu moja katika milioni. Maji nayo huzungushwa na anayeyamimina, kwa jinsi anavyoinamisha jagi na kugeuza beseni. Dunia huzungusha dhoruba zenye upana wa mamia ya kilomita. Beseni ni dogo mno kwake.

Kwa nini basi ikweta ina mvutano mdogo kuliko nchani? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kuzunguka. Ukiwa ndani ya matatu inayokata kona kwa kasi, mwili unataka kutoka nje ya kona. Nanyuki ardhi unayokanyaga inakwenda kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwenye kona isiyokwisha. Sehemu ya mvutano inatumika kukushikilia usiachwe na kona hiyo, na mizani inasoma kinachobaki. Mtu aliyesimama nchani hana kona, anajizungusha tu papo hapo. Sababu ya pili ni umbo: kwa kuzunguka huko, dunia imevimba kiunoni, na ikweta iko mbali na kitovu chake kwa kilomita 21 zaidi ya ncha. Kuzunguka kunachangia karibu thuluthi mbili za tofauti yote, umbo linachangia thuluthi iliyobaki, na jumla yake ni asilimia 0.5 na ushee.

Aliyeligundua hakuwa akilitafuta. Mwaka 1672 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma mtaalamu wa nyota Jean Richer hadi Cayenne, koloni la Wafaransa kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini, nyuzi 5 tu kutoka ikweta. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitazama sayari ya Mirihi huku mwenzake Cassini akiitazama kutoka Paris, ili umbali wake upigiwe hesabu. Kazi hiyo inadai saa sahihi. Saa sahihi ya wakati huo ilikuwa ya pendulamu, iliyobuniwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1656: uzito unaning'inia kwenye fimbo ya kama sentimita 99.4 na kuhesabu sekunde moja kila unapokwenda upande mmoja.

Saa iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa Cayenne, zaidi ya dakika mbili kila siku. Richer angeweza kulaumu safari ya meli, chumvi au unyevu wa pwani, na hakuna ambaye angemuuliza. Badala yake aliifupisha pendulamu kidogo kidogo mpaka saa ikakubaliana na nyota, na alipopima alichokiondoa kilikuwa kama milimita 2.8. Kisha akarudia kipimo hicho wiki baada ya wiki kwa muda wa miezi kumi. Mimi ninayeishi kwa kusahihisha mizani namheshimu mno mtu huyu. Wapo waliosema ni joto lililorefusha chuma. Joto hurefusha chuma kweli, lakini ili fimbo ya mita moja irefuke milimita 2.8, Cayenne ingebidi iwe na joto la nyuzi zaidi ya 200 juu ya lile la Paris.

Isaac Newton alipochapisha kazi yake kubwa mwaka 1687, kipimo cha Richer kilikuwa miongoni mwa ushahidi wake kwamba dunia imevimba katikati. Paris kulikuwa na waliopinga, hasa wa ukoo wa Cassini, wakisema dunia imerefuka kuelekea nchani. Ubishi ukaisha kwa kupima ardhi yenyewe. Ufaransa ilituma msafara mmoja mwaka 1735 katika nchi ambayo leo ni Ecuador, wakiwamo Pierre Bouguer na Charles-Marie de La Condamine, na mwingine mwaka 1736 mpaka Lapland kaskazini kabisa mwa Ulaya chini ya Maupertuis. Majibu yakampa Newton haki.

Saa ile ya Paris ikiletwa Nanyuki, ambako mko karibu mita 1,950 juu ya bahari, ingechelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Nawe unaweza kuupima mvutano wa kwenu. Funga nati nzito kwenye uzi usiovutika, uining'inize kwenye msumari, na urefu kutoka msumarini hadi katikati ya nati uwe mita moja, upimwe mpaka milimita. Isukume kidogo tu, isipindukie upana wa kiganja. Hesabu mara 100 za kwenda na kurudi kwa saa ya simu, rudia mara kadhaa, chukua wastani. Ukipata karibu sekunde 201 umeipata Nanyuki: ukipiga hesabu itakutolea 9.77 na ushee, si 10 ya kwenye maswali ya mtihani. Niandikie ulichopata, na urefu wa uzi usisahau.

Swali: Kaka Fundi, naendesha semi kutoka Dar kwenda Kigali. Safari iliyopita mizani ya kwanza ya barabarani ilisoma jumla tani 48.10, ya pili huku bara ikasoma 48.34. Bosi anasema nilipakia mzigo wa watu njiani. Nataka kumwambia ni mvutano wa dunia. Niandikie maelezo. (Dereva)

Jibu: Ndugu yangu, utetezi huo utakuangusha mbele ya bosi yeyote mwenye kikokotoo. Ukitoka pwani kupanda bara mvutano unapungua, kutoka 9.781 hadi kama 9.776. Hiyo ni asilimia 0.05. Kwa tani 48 ni kilo 24 hivi, tena za kupungua, na wewe umeongezeka kilo 240. Isitoshe, mizani ya barabarani husahihishwa pale ilipo kwa mawe mazito ya majaribio, kwa hiyo hata hizo 24 hazipaswi kuonekana.

Ninachokuuliza mimi ni kwamba ulijaza dizeli wapi. Lita 300 za dizeli ni kama kilo 250. Kama ulijaza tangi baada ya mizani ya kwanza, toa risiti ya kituo cha mafuta, ioneshe saa, na kesi imekwisha. Pili, je, mvua ilinyesha? Turubai lililoshika maji na tope la chini ya chesisi huongeza kilo nyingi bila mtu kujua. Tatu, ulisimama vipi: gari likipimwa ekseli moja moja huku nyingine ziko kwenye mteremko, au breki zimeshika, ekseli moja hubeba zaidi na jumla inapotoka. Omba kupimwa upya hapohapo, breki zikiwa zimeachiwa, kabla hujaondoka na karatasi.

Swali: Shikamoo mzee Fundi. Mimi ni mpagazi njia ya Marangu. Getini mzigo wangu unapimwa kilo 20, ila tukikaribia Kibo nahisi zimekuwa 30. Mlima wenyewe unavuta mzigo? (Mpagazi, Kilimanjaro)

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mlima unavuta kweli, na swali lako lilimsumbua Bouguer huyohuyo niliyemtaja, alipopima pendulamu Quito na juu ya mlima Pichincha miaka ya 1730. Unapopanda, mambo mawili hushindana. Unazidi kuwa mbali na kitovu cha dunia, hilo linapunguza mvutano. Wakati huohuo chini ya miguu yako pameongezeka mwamba, nao unakuvuta, hilo linauongeza. Umbali ndio unaoshinda. Kutoka geti la Marangu hadi kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 na zaidi, mzigo wako wa kilo 20 unapungua gramu kumi na kitu.

Unachokihisi ni hewa. Pale Kibo pumzi moja inakupa oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, na misuli inalipa. Kwa hiyo mzigo uliopimwa kilo 20 getini usikubali uongezewe hata kilo moja njiani kwa maelezo kwamba "huko juu vitu ni vyepesi". Wepesi wa gramu kumi na kitu hauwezi kubeba kilo ya mtu.

Na jambo ambalo unaweza kuwaambia wageni wako. Everest ndio mlima mrefu ukipima kutoka usawa wa bahari. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, Kilele cha Uhuru kiko mbali zaidi kuliko Everest kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa sababu Kilimanjaro imesimama juu ya ule uvimbe wa ikweta. Kwa hesabu hiyo Chimborazo ya Ecuador ndiyo ya kwanza duniani, na Kilimanjaro haiko mbali nyuma yake.

Nchi zetu zimepimwa mvutano tangu zamani. Wajerumani walizunguka na pendulamu Afrika Mashariki mwaka 1899 na 1900. Miaka ya 1930 akaja Mwingereza Edward Bullard, akachapisha vipimo vyake mwaka 1936. Wote walikuta kwamba ukishatoa hesabu ya mwinuko na ya mwamba ulioko juu ya usawa wa bahari, nyanda zetu na Bonde la Ufa bado zina upungufu wa mvutano. Kuna kitu chepesi chini. Bullard alidhani bonde limebanwa na kukandamizwa na kuta zake. Leo wanajiolojia wanasema kinyume: ardhi inavutwa na kutanuka, na chini ya uwanda kuna mwamba wa moto, mwepesi kuliko ule wa baridi unaouzunguka, ndio ulioinua nchi yote hii juu. Kwa njia hiyohiyo wanaotafuta mafuta hupitisha vyombo vya kupimia mvutano juu ya mabonde, maana mchanga na matope yaliyojaza bonde la kale ni mepesi kuliko mwamba wa pembeni, na upungufu huo unawaonyesha bonde lilipo na kina chake.

Swali: Assalaam alaykum Fundi. Wakati wa bamvua mwezi unainua bahari nzima hapa Kojani. Samaki wangu mnadani naye hupungua uzito? (Mvuvi, Pemba)

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hupungua, lakini hata jua na mwezi vikisaidiana ni kama sehemu moja katika milioni sita. Jodari wa kilo 60 anapoteza miligramu 10. Punje moja ya mchele ni nzito kuliko hiyo. Bahari inainuka kwa sababu ni pana, na nguvu ndogo ikiyasukuma maji kwa upande katika maelfu ya kilomita yanarundikana. Samaki wako juu ya meza hana pa kurundikana. Kinachompunguza ni maji yanayomtoka akiwa juani, kwa hiyo mfunike mapema na umpime mapema.

Swali: Fundi, mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofurika nilisikia redioni kuwa kuna setilaiti zinazopima maji ya ziwa kwa mvutano wake. Mizani gani inapima ziwa kutoka angani? (Msomaji, Bukoba)

Jibu: Barua hii niliifurahia kuliko zote. Ni setilaiti mbili zinazofuatana. Za kwanza, zilizoitwa GRACE, zilirushwa na Wamarekani na Wajerumani mwaka 2002 zikafanya kazi hadi 2017, na zilizozirithi zilirushwa Mei 2018. Zinapita juu kama kilomita 500, moja mbele, nyingine nyuma kwa umbali wa kilomita 220 hivi, na muda wote zinapimana umbali kwa mawimbi ya redio. Ya mbele ikikaribia mahali penye tungamo kubwa inavutwa mbele kidogo, pengo linapanuka. Ikipita, inavutwa nyuma, na ya pili ndiyo inayovutwa mbele, pengo linafunga. Mabadiliko hayo ni madogo kuliko unene wa unywele, na zinayaona. Kila mwezi wanapata ramani mpya ya mvutano wa dunia, na kwa kulinganisha ramani ya mwezi huu na ya mwezi uliopita wanaona kilichohama. Mwamba hauhami kwa mwezi mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichohama ni maji.

Ziwa letu lina kilomita za mraba karibu 68,800. Likipanda mita moja tu zimeongezeka tani bilioni 68 na zaidi. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita moja, hadi kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42 na kuivuka rekodi ya 1964. Wewe uliyesimama ufukweni Bukoba usingehisi chochote, maana mita moja ya maji hubadilisha uzito wa mtu wa kilo 100 kwa miligramu chache. Lakini kutoka juu, tani zote hizo zinavuta pamoja.

Setilaiti hizi haziwezi kulitenga ziwa peke yake. Zinaona eneo lenye upana wa mamia ya kilomita kwa pamoja: ziwa, udongo uliolowa na maji yaliyojificha ardhini. Na hapo ndipo penye faida kwetu. Maji ya ziwa yanajulikana kwa kipimo cha Jinja na kwa setilaiti nyingine zinazopima kimo cha uso wake. Ukiyatoa hayo kwenye hesabu, kisha ukatoa unyevu wa udongo, yanayobaki ni maji ya chini ya ardhi ya eneo zima, ambayo hakuna namna nyingine ya kuyapima kwa upana huo bila kuchimba visima kila kijiji.